Jibu Alilopangiwa Atieno

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Atieno alishuka ziwani na ndoo kuchota maji. Njia ilipita katikati ya matete, na ilimbidi aangalie sana anapokanyaga, kwa sababu matete yale ndiyo yaliyokuwa choo cha nusu ya kijiji cha Nyamalele. Akifika majini alisukuma magugumaji kwa mkono, akainamisha ndoo, akajitwika na kurudi nyumbani akitembea wima. Mama yake alichemsha maji ya uji tu. Ya kunywa yaliingia mtungini kama yalivyotoka ziwani. Kuni zilikuwa haba, maana miti ya karibu ilikwisha zamani kwa kukaushia samaki.

Baba yake, mzee Okomo, alikuwa ameketi mlangoni akitazama ziwa. Miaka mingine, saa kama hiyo angekuwa bado mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, akiwapimia sangara wake watu wa magari ya barafu. Lakini huo ulikuwa mwaka 1998. Baada ya mvua kubwa za Elnino, kipindupindu kilizuka kila mahali, na Wazungu wakakataa kununua samaki wa ziwa. Viwanda vya mjini vikapunguza kazi, magari yakaacha kuja, na wavuvi wa Nyamalele wakabaki kutazamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo pia mnakariri?"

"Leo tena, baba."

"Haya, nenda ukakariri. Wewe angalau una kazi."

Aliyasema hayo bila kucheka. Atieno alikunywa uji wake amesimama, akaondoka.

Shuleni, darasa la sita lilikuwa limebaki na somo moja. Hisabati ilisimama, Jiografia ilisimama. Mwalimu Mihayo, aliyewafundisha Sayansi, alikuwa amechaguliwa kutoa somo la mfano mbele ya mkutano mkubwa wa walimu wa Kanda ya Ziwa, ambao ungefanyika Mwanza mjini. Walimu kutoka Mara, Kagera, Shinyanga na Mwanza yenyewe wangekaa ukumbini na kumtazama akifundisha, huku wanafunzi wake wakijibu maswali. Wafadhili nao wangekuwepo. Shule ambayo ingependeza kuliko nyingine ingefanywa shule ya mfano, ipewe saruji, mabati na vitabu.

Hakuna aliyeitamani saruji ile kumzidi Mwalimu Mihayo. Alikuwa bado kijana, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alipohamia Nyamalele alikuta darasa lisilo na dawati hata moja na ubao uliopauka hata chaki haikuonekana. Kila alipokwenda kuomba msaada alijibiwa kwamba siku hizi serikali haiwezi kila kitu, wazazi wachangie. Aliporudi kwa wazazi, aliwakuta samaki wao wanaoza mwaloni.

"Sikilizeni," alisema asubuhi ile, akitembea mbele ya wanafunzi walioketi sakafuni. "Nikiuliza swali, nyote mnanyoosha mikono. Nyote! Sitaki kuona mtu amekaa kama gogo. Anayejua jibu, akunjue kiganja. Asiyejua, akunje ngumi. Mimi nitachagua viganja. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Shimba! Kipindupindu huenezwaje?"

Shimba aliruka juu. Alikuwa mvulana mkubwa, kaptura imembana, na sauti yake ilifika hadi darasa la saba. "Kipindupindu huenezwa kwa kula chakula au kunywa maji yenye vimelea vitokanavyo na kinyesi cha mgonjwa!"

"Safi sana. Atieno, swali la mwisho. Je, shuleni kwetu kuna mwanafunzi aliyewahi kuugua kipindupindu?"

Atieno alisimama. Alichaguliwa kwa swali la mwisho kwa sababu alitamka Kiswahili vizuri na hakuwa na haya. Jibu lake alikuwa amelifundishwa neno kwa neno. "Hapana, mwalimu. Shuleni kwetu tuna choo safi, tunanawa mikono kwa sabuni na tunakunywa maji yaliyochemshwa. Kwa hiyo kipindupindu hakijawahi kutufikia."

"Vizuri. Kaa."

Aliketi. Upande wake wa kushoto, pale sakafuni, palikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna mwanafunzi aliyetaka kuikalia. Palikuwa mahali pa Rozina.

Rozina alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walitumia kalamu moja, wakakatiana kiazi kimoja wakati wa mapumziko. Mvua za Elnino zilipobomoa choo cha shule, wote wawili walianza kwenda kwenye matete kama wengine, mmoja akimlindia mwenzake njia. Halafu asubuhi moja Rozina aliinama katikati ya kipindi, akatapika maji matupu, na kabla ya saa ya kutoka macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya bibi kizee. Mjomba wake alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Zahanati ile ilikuwa imejaa wagonjwa, na chupa za maji ya kuwatundikia zilikuwa zimekwisha. Baiskeli ilirudi jioni, mjomba akiikokota kwa miguu na mwili umefungwa nyuma.

Siku ya kwanza Atieno alipofundishwa jibu lile, aliishia katikati. Wenzake walitazama chini. Alipotoka darasani alimfuata mwalimu wake hadi chini ya paa la ofisi.

"Mwalimu, na Rozina je?"

Mwalimu Mihayo alimgeukia. "Atieno," alisema, "mtu akienda kuposa, huvaa nguo iliyochanika?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi. Hawa watu huwasaidia waliofaulu. Tukiwaeleza shida zetu watatikisa vichwa, watatupa pole, watakwenda zao. Nimeshaona. Lakini tukiipata saruji, tutajenga choo, na hapo jibu lako litakuwa kweli. Hatusemi uongo. Tunaisema kweli kabla haijafika."

Atieno alilifikiria neno hilo njia nzima. Lilionekana sawa, na bado lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Siku ya safari walichaguliwa wale wenye sare zisizo na viraka. Atieno aliazimwa shati na binti wa jirani. Lori la mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale matajiri binafsi walioanza kununua zao hilo miaka ya karibuni, lilikuwa linakwenda mjini, na mwenyewe alikubali kuwabeba. Walivuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo, wakapita Buhongwa, na nyumba zikaanza kusongamana hadi zikapanda juu ya mawe makubwa ya vilima. Wengi wao hawakuwahi kufika mjini. Shimba alihesabu matangi ya mafuta kwa sauti mpaka alipoambiwa anyamaze.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa, kuliko ghala la pamba, kuliko jengo lolote ambalo Atieno alipata kuingia. Vitambaa vyenye maandishi vilitundikwa ukutani. Vipaza sauti viliwekwa kila kona, hivyo mtu alikohoa mbele na kikohozi chake kikasikika nyuma. Na walimu! Atieno alidhani mwalimu ni mtu mmoja au wawili katika kijiji. Hapa walikuwa mamia, wanaume kwa wanawake, wakijipepea kwa makaratasi, wakisalimiana kwa vicheko, wakisinzia wakati wa hotuba kama wanafunzi. Jambo hilo lilimshangaza sana, kwamba walimu nao husinzia.

Hotuba zilikuwa nyingi. Mmoja alisema juu ya mbinu shirikishi, mwingine juu ya ari ya kazi, mwingine juu ya mishahara iliyochelewa, na hapo ndipo ukumbi mzima ulipoamka na kupiga makofi. Atieno alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo moyo ulivyomwishia. Watu wazima hawa wote, wenye miwani na mikoba, walikuwa wakieleza shida zilezile walizokuwa nazo Nyamalele, na kila mmoja akimaliza alishukuriwa na kuketi, kisha akaitwa mwingine.

Kabla ya zamu yao, Mwalimu Mihayo aliwapeleka uani wajisaidie. Vyoo vya pale vilikuwa vyeupe. Shimba alivuta mnyororo, maji yakashuka kwa kishindo, naye akatoka mbio huku akipiga kelele, "Mayu wee!" akimwita mama yake kwa Kisukuma, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Atieno alicheka pia. Kisha akaenda kwenye bomba kunawa. Palikuwa na kipande cha sabuni ya bluu juu ya beseni. Alikishika. Alikuwa ametamka maneno "tunanawa mikono kwa sabuni" pengine mara mia, na hii ndiyo mara ya kwanza aliponawa hivyo akiwa na sare ya shule. Povu lilipanda hadi kwenye viwiko. Maji yalikuwa ya baridi na safi, yakitoka tu bila mwisho, na hapakuwa na wa kumlindia njia. Kicheko kilimwisha. Alisimama pale akiacha maji yamwagike, mpaka msichana mwingine akamsukuma kwa kiwiko, "Wewe, tupishe na sisi."

Walipangwa jukwaani kwenye madawati halisi. Mwalimu Mihayo alivaa tai. Kichwa cha somo alikiandika ubaoni, akakifuta, akakiandika tena, lakini alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Aliuliza, mikono yote ikapanda. Alichagua viganja, na majibu yakatoka moja baada ya jingine bila kukwama. Shimba alijibu kwa sauti iliyofanya kipaza sauti kipige mluzi, watu wakacheka kwa furaha. Walimu waliokuwa wakisinzia walikaa wima. Katika safu ya mbele, mfadhili mmoja alimnong'oneza mwenzake huku akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Atieno aliyaona yote. Aliona kwamba wanashinda.

"Swali la mwisho," alisema Mwalimu Mihayo, uso wake uking'aa kwa jasho na matumaini. "Je, shuleni kwetu kuna mwanafunzi aliyewahi kuugua kipindupindu?"

Mikono ilipanda. Atieno alikunjua kiganja.

"Ndiyo, Atieno."

Alisimama. Kipaza sauti kililetwa mbele ya midomo yake. Neno la kwanza lilikuwa "Hapana". Alilijua kama alivyolijua jina lake. Alifungua kinywa, na mikono yake bado ilinuka sabuni.

"Yupo," alisema. "Rozina aliugua, mwalimu."

Sauti yake ilitoka katika kila kona ya ukumbi, kubwa, kama si yake. Aliogopa, lakini hakuweza tena kurudi nyuma.

"Alikuwa anakaa na mimi. Alitapika darasani. Alikufa siku ileile."

Shimba alimvuta sketi kwa nyuma. "Kaa! We Atieno, kaa!"

Mwalimu Mihayo alishika chaki kana kwamba ni fimbo ya kumzuia asianguke. "Kaa chini, Atieno," alisema polepole.

"Hapana, mwalimu, mwache," alisema mwenyekiti wa kikao, mwalimu mtu mzima aliyeitwa Bernadeta. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye meza kuu. "Binti, choo chenu kikoje?"

"Kilibomoka na mvua, mama. Tunakwenda kwenye matete."

"Na maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Palepale, mama."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha fedheha, lakini kilimchoma Mwalimu Mihayo kama kaa la moto. Bibi Bernadeta aliwageukia walimu wote. "Ndugu zangu, ni nani hapa ambaye shule yake ina choo kizima na maji ya kunawa? Anyooshe mkono. Kwa kweli, siyo kwa ripoti."

Mikono michache ilipanda. Mingine ilipanda nusu, ikashuka. Kisha msemaji mmoja aliomba wazo hilo liingizwe katika maazimio, mwingine akasema muda umekwenda, na mkutano ukaahirishwa kwa chakula.

Hayo tu. Atieno alikuwa amedhani kwamba kweli ikisemwa mbele ya watu wengi namna ile, kitu kitatokea. Hakikutokea kitu. Walipewa wali na nyama na soda, na hakuna mtoto wa Nyamalele aliyeongea naye. Alasiri shule nyingine ilitangazwa kuwa shule ya mfano. Wanafunzi wake walipanda jukwaani na kuimba, na Mwalimu Mihayo aliwapigia makofi akiwa amevua tai.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Nyuma, juu ya magunia matupu, Shimba alimgeukia Atieno. "Umetuua," alisema. "Tungekuwa na madawati. Tungekuwa na choo cha saruji. Rozina amekufa, Atieno. Hata ukisema mara mia, harudi."

"Najua," Atieno alisema.

"Sasa ulisema ya nini?"

Atieno alilia mpaka kivukoni, na waliokuwa karibu naye walijisogeza pembeni.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Darasani alikaa na nafasi tupu pande zote mbili. Nyumbani mama yake alimgombeza. "Mtoto wa watu unamvua nguo mwalimu wako mbele ya dunia nzima! Kesho akikataa kukufundisha, utakwenda wapi? Uje tuozeshe samaki pamoja?" Habari zikavuma kwamba Mwalimu Mihayo atahamishiwa visiwani. Alifundisha bila kuinua macho, akimaliza kipindi anatoka. Baba yake Atieno alisikiliza yote hayo akiwa mlangoni pake. Jioni moja tu alimuuliza, "Ulimtaja kwa jina?"

"Ndiyo, baba."

Okomo aliitikia kwa kichwa, akarudi kutazama ziwa.

Jumamosi, Atieno alikuwa akifua nguo alipomwona Mwalimu Mihayo anakuja kwao kwa miguu. Mama yake alikimbilia kiti, akakipangusa kwa kanga.

"Shikamoo, mwalimu," Atieno alisema.

"Marahaba. Sikuja kukaa, mama. Naomba niende na Atieno hadi kwa Mama Rozina. Naona haya kwenda peke yangu."

Mama Rozina alikuwa mjane, na Rozina alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu msiba alikuwa hatoki sana. Walimkuta akichambua dagaa uani, na alipowaona hakuinuka.

"Mama," Mwalimu Mihayo alianza, kisha akachuchumaa ili asiongee naye akiwa juu yake. "Nilimfundisha mtoto huyu kusema kwamba shuleni kwetu hakuna aliyeugua. Nilitaka saruji. Nimekuja kukuomba radhi."

Mama Rozina aliendelea kuchambua dagaa wake kwa muda. "Dereva wa lori alinieleza," alisema hatimaye. "Alisema jina la mwanangu limesikika mjini, katika vipaza sauti, mbele ya walimu wa mikoa yote. Mwalimu, tangu tulipomzika hakuna mtu aliyelitaja jina lake mbele yangu. Hata shuleni kwenu. Wakinikuta njiani wanainamisha nyuso, kana kwamba nimeiba. Nikadhani basi, mmekwisha kumfuta." Alimtazama Atieno, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Kumbe kuna aliyemkumbuka."

Atieno alipiga magoti kando yake, na wakalia pamoja. Mwalimu Mihayo alitazama pembeni.

Aliyeleta neno la choo alikuwa Mama Rozina mwenyewe. "Mwalimu, hiyo saruji mmeikosa?"

"Tumeikosa, mama."

"Na kabla ya saruji kuja nchi hii, watu walijisaidia wapi?"

Mama Rozina alisukuma dagaa kando.

"Baba yangu alichimba shimo kwa jembe na sururu, akaweka magogo, akapaka udongo. Lilitukuza sote. Nyinyi mnangoja saruji mpaka tumzike nani tena?"

Jumatatu aliingia katika mkutano wa kijiji, mwanamke pekee aliyesimama mbele, akasema maneno yayo hayo. Alimtaja Rozina kwa jina na kueleza jinsi alivyokufa, hatua kwa hatua, mpaka wanaume wakainamisha vichwa. Kisha kila mmoja akasubiri mwingine aanze. Aliyeanza alikuwa Okomo.

"Tumekaa miezi tunatazama ziwa," alisema. "Mikono tunayo, na kazi hatuna. Kesho mimi nitakuwa shuleni na sururu. Anayetaka aje."

Siku ya kwanza walikuja wachache, na mwamba ulikuwa karibu na uso wa ardhi kiasi kwamba baadhi waliona ni kazi bure. Siku ya pili shimo lilijaa maji, wakalifukia na kwenda kuchimba upande wa juu, mbali na ziwa. Hapo ndipo wavuvi wengine walipoanza kusogea, mmoja mmoja, kwa kuona haya kukaa tu. Mzee mmoja alitoa mbao za boti yake iliyooza ubavu, zikawa sakafu. Wanafunzi walibeba matope na nyasi. Shimba alibeba kuliko wote. Hakumwomba Atieno msamaha, lakini alasiri moja alimsaidia kutua ndoo yake ya matope kabla hajaombwa, na kuanzia hapo wakaanza kuongea.

Choo kilipokamilika hakikuwa cha kuonyesha wageni. Kuta zilikuwa za miti na udongo, mlango wa gunia. Mabati hayakuwepo. Madawati hayakuwepo pia, na magari ya barafu yalikuwa bado hayajarudi mwaloni. Mama Rozina alileta mtungi akautoboa karibu na kitako, akauziba kwa kijiti, akauweka juu ya mawe nje ya mlango pamoja na bakuli la majivu, kwa kuwa sabuni ilikuwa ghali. Akawasimamia watoto wa darasa la kwanza, akiwashika vidole kimoja kimoja. Shule ikapanga zamu ya kuchemsha maji ya kunywa, kila mtoto akija na ukuni mmoja.

Mvua zilizofuata, kipindupindu kilirudi katika vijiji vya jirani. Nyamalele waliugua watu wawili, wakawahishwa, wakapona. Shuleni hakuugua mtu.

Uhamisho wa Mwalimu Mihayo ulikuja kweli, mwisho wa mwaka. Siku ya kuaga aliwakusanya wanafunzi wake nje.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mnaijua methali hiyo. Mimi ndiye niliyewafundisha, ubaoni, na mkaipatia alama. Lakini sisi kifo kilituumbua, na bado tukaendelea kuficha. Tulimficha hata marehemu. Wanangu, ukiificha shida ili upendeze machoni pa watu, wale ambao wangekusaidia watakupigia makofi na kuondoka. Sisi waliotusaidia walikuwa papa hapa, nyumba ya pili. Hawakujua waanzie wapi, kwa sababu hakuna aliyesema. Semeni kweli hata kama itawakosesha zawadi. Semeni mapema, kabla haijawa habari ya msiba. Na mkishaisema, msikae kungoja. Shikeni majembe."

Akashika begi lake na kuanza kuteremka njia ya kwenda kivukoni, na Atieno na Shimba wakamkimbilia kumsaidia kulibeba.